Alama Pekee Hazifunzi

Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Je, tumeiacha pia tabia ya kumpima mwanafunzi ili kumpanga tu, wala si kumfunza?

Upimaji wa tamati hueleza mwanafunzi alikofika. Upimaji endelevu humwonyesha mwalimu pa kuanzia kesho. Tutazame upatanisho wa kisarufi. Mwanafunzi aweza kuchagua “kimevunjika” miongoni mwa majibu manne, kisha akatoka nje na kusema “kiti imevunjika”. Karatasi yamsifu, ulimi wamsuta. Kasoro hiyo hudhihirika katika masimulizi, mjadala na maswali ya ana kwa ana. Mwalimu akiigundua, asiandike 4 kwa 10 akaishia hapo. Aonyeshe ngeli iliyokosewa, kisha ampe mwanafunzi fursa ya kujisahihisha.

Sasa tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 huchangia asilimia 20 ya matokeo ya kuingilia sekondari pevu. Kishawishi cha kugawa alama ili shule isifiwe ni kikubwa. Walimu wenzangu, mficha maradhi kifo humuumbua.