Utani Usio na Majibu

Kwetu pwani, utani ni ada ya kale, nao una sharti lake: anayetaniwa ana haki ya kurudisha. Mfagiaji wa chuo kikuu hapa Kwale anayeambiwa neno la aibu na mkuu wa idara hana haki hiyo. Akithubutu kujibu, kibarua kitaota nyasi. Huo ni ubabe uliovishwa kanzu ya utani.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, yataja waziwazi lugha ya kimapenzi, ya kutamkwa au kuandikwa, miongoni mwa unyanyasaji wa kijinsia kazini. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi sharti ashauriane nao, kisha atoe sera inayoeleza njia ya kupeleka malalamiko. Na jina la mlalamikaji lisitolewe ila uchunguzi au hatua za nidhamu zikilazimu.

Lakini sera hizo aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ambacho hata sisi wanaisimu hutukwaza. Mpishi kutoka Msambweni, mwenye Kidigo na Kiswahili chake, ataisomaje? Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Sera na ibandikwe kwa Kiswahili, jikoni na langoni, ikimtaja mpokeaji malalamiko asiyekuwa mkuu yuleyule anayelalamikiwa.