Kuvumwani, Zulia la Uani

Katika nyumba nyingi za nchi za milimani, kama Usambara, Uluguru na Rungwe, pana upande mmoja wa ua usiopata jua. Nyasi hazioti hapo, wala mboga hazistawi. Mama wa nyumba hufagia kila asubuhi, na mvua ikinyesha huuchukua udongo kidogo kidogo, hata msingi wa nyumba hubaki wazi kama meno ya mzee. Leo twataka kusema habari za mmea mdogo uwezao kupafunika mahali kama hapo, nao ndio ule ambao watu wengi huukwangua na kuutupa. Jina lake ni kuvumwani: yale majani madogo mno, laini kama manyoya, yafunikayo mawe, magogo na udongo penye kivuli na unyevu.

Atakaye kuitunza yampasa aijue kwanza tabia yake. Kuvumwani haina mizizi ya kunywa maji. Ina nyuzi tu za kujishikiza, na maji huyanywa kwa majani yake. Haina maua wala mbegu, bali huenezwa na vumbi jepesi lipeperushwalo na upepo. Kwa hiyo hukauka upesi wakati wa jua, ikawa kama iliyokufa. Lakini ikinyeshewa hurudia rangi yake. Basi msiing'oe wakati wa kiangazi kwa kudhani ya kuwa imekufa.

Kazi yenyewe ni hii:

1. Chagueni mahali penye kivuli, palipo na unyevu. Ng'oeni magugu yote, kisha kandamizeni udongo mpaka uwe mgumu. Msitie samadi, kuvumwani haitaki, nayo samadi huleta magugu.

2. Tafuteni mbegu yake hapo hapo nyumbani: juu ya matofali ya zamani, kando ya pipa la maji ya mvua, au njiani inapokwanguliwa. Bandueni vipande vyembamba, mvipange juu ya udongo uliolowa, na kuvikanyaga polepole ili vishikamane na nchi.

3. Nyunyizeni maji kidogo kila siku kwa majuma ya kwanza. Maji ya mvua ni bora kuliko maji ya kisima yenye chumvi.

4. Msimwage hapo majivu wala maji ya sabuni. Kuvumwani nyingi hupenda udongo mchachu, na majivu huuondoa uchachu huo.

5. Wazuieni kuku kwa uzio wa fito au miiba, maana hupekua wakitafuta wadudu. Majani makavu yaangukayo juu yake yaokoteni kwa mkono, au fagieni kwa ufagio laini.

6. Msiiache iote juu ya ngazi, wala katika njia ya kisimani. Ikilowa huteleza, na wazee na wenye kubeba mitungi huanguka.

Watu wengine hupaka mawe maziwa, wakitumaini kuiotesha upesi. Maziwa huleta ukungu na harufu mbaya. Afadhali wapewe watoto. Dawa ya kuvumwani ni saburi, kwa kuwa yaweza kupita mwaka na zaidi kabla ya kufunika mahali palipo padogo.

Jambo moja twawasihi sana: msiende msituni kuibandua mitini. Katika vilele vya Uluguru, juu ya Morogoro, miti imevikwa kuvumwani na mimea mingine midogo tangu shina hata matawi. Mtaalamu mmoja wa mimea, Tamás Pócs, aliipima mimea hiyo, akatangaza mwaka 1980 ya kuwa katika msitu wa juu yaweza kushika hata lita 50,000 za maji katika hektari moja mvua inyeshapo. Maji hayo hudondoka polepole, na hata ukungu wa asubuhi hunaswa na majani hayo. Kutoka milima hiyo hushuka mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa Dar es Salaam. Abanduaye kuvumwani ya mlimani atoboa mtungi wa watu wengi walio mbali.

Huko Japani, katika mji wa Kyoto, pana bustani ya hekalu liitwalo Saihō-ji, yenye kuvumwani za aina kama 120. Zilijiotea zenyewe wakati bustani ilipokosa watunzaji, nazo leo ndizo fahari yake. Wageni walipozidi, tangu mwaka 1977 ilikatazwa kuingia bila kuomba ruhusa kwanza, maana nyayo nyingi huiharibu. Basi na ninyi wekeni mawe ya kukanyagia, ili watoto wapite juu yake.

Anzeni na mahali padogo, kama upana wa mkeka mmoja. Nanyi walimu, chukueni kipande kikavu cha ukutani, mkiweke katika kisahani mbele ya watoto, na mtu mmoja adondoshe maji juu yake. Majani yaliyojikunja yatafunguka mbele ya macho yao. Kisha waulizeni maji yameingia kwa njia gani, maana mizizi haimo.