Kwa nini watafiti wa Gombe huokota kinyesi cha sokwe

Misafara ya pembe za ndovu kutoka Bagamoyo ilipita Tabora na kuishia Ujiji. Kaskazini ya hapo, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ndiko Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mtu mwaka 1960.

Sokwe jike hubeba mimba miezi minane hivi, na baada ya kuzaa hukaa miaka mitano au sita kabla ya kuzaa tena. Akiuawa mmoja, pengo lake halizibiki upesi.

Mama anajulikana, baba ni nani? Jike hupandwa na madume kadhaa, hivyo macho hayatoshi. Watafiti huokota kinyesi (ndiyo, kinyesi), maabara husoma vinasaba, na baba hujulikana bila mnyama kuguswa.

Kwa kawaida jike akikomaa huhamia kundi jingine, asije akazaa na ndugu zake. Gombe, hifadhi ndogo iliyozungukwa na vijiji na mashamba, karibu nusu yao hubaki walikozaliwa. Ndiyo maana vijiji jirani vimetenga misitu katika mipango yao ya ardhi: miti ikirudi vilimani, jike hupata njia ya kwenda kutafuta mume ugenini.