Mashapo ya Changamwe na Mizunguko ya Bahari ya Kale

Neno "tabaka", ambalo wahakiki wa fasihi wamelizoea katika mjadala wa matajiri na maskini, lina makao ya kale zaidi mwambani. Ufuoni Likoni na Kisauni mtu hukanyaga matumbawe yaliyoota baharini miaka laki moja na zaidi iliyopita. Akenda Changamwe na Port Reitz, chini ya nyayo zake pana tope la bahari ya enzi ya Jurasi, lililogandamana zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita likawa mwamba unaochanika kama kurasa. Caswell aliueleza katika ripoti yake ya 1953 kuhusu Mombasa na Kwale. Kabla yake, katika miaka ya 1870, Beyrich wa Berlin alikwisha kuandika juu ya amonaiti za Mombasa, jamaa wa ngisi waliokuwa na kombe la kuviringana.

Aghalabu mashapo ya aina hii hujipanga kwa zamu: tabaka jeusi, tabaka jeupe, kisha jeusi tena. Kisa kimojawapo ki angani. Kuyumba kwa mhimili wa dunia huathiri hali ya hewa kwa mizunguko ya takriban miaka 20,000, mwinamo wake hubadilika kwa miaka 41,000, na umbo la njia yake kulizunguka jua kwa miaka 100,000 na 400,000. Pepo za msimu nazo huzidi au kupungua nguvu. Mvua ikizidi, mito humwaga rutuba baharini; viumbe vidogo vielea husitawi, hufa, huzama, na kuozeana hadi oksijeni ya kilindini ikaisha. Yasiyooza hubaki kuwa tabaka jeusi. Huko Kimmeridge, Uingereza, mashapo ya enzi hiyo hiyo yana kaboni nyingi hata baadhi yake huwaka moto, na ndiyo chimbuko la mafuta mengi ya Bahari ya Kaskazini. Ya Changamwe ni ya kijivu zaidi.

Hata hivyo, marudio peke yake si saa. Dhoruba, au mto uliohama mkondo, huweza kuacha mistari kama hiyo. Sharti unene, kaboni na usumaku vipimwe tabaka kwa tabaka, uwiano wa 1:2:5:20 utafutwe. Nao mwamba wa Changamwe, ukichimbuliwa kwa ajili ya barabara au nyumba, haukawii kulainika ukawa udongo; upimaji hauna budi kufanywa mchimbo ungali mpya.