Ndagala inashuka mchana, inapanda usiku

Sisi wachimbaji wa Kabambare na wenzetu wa Kasongo tunajua samaki moja kuliko zingine: ndagala. Inatufikia kavu, ndani ya magunia, toka Ziwa Tanganyika, juu ya pikipiki na migongo ya watu. Jioni tukitoka shimoni, iko pale pamoja na sombe na bugali. Lakini wengi wetu hatukujua namna inaishi. Tukauliza, tukasoma, na tukaona inafanya kazi karibu sawa na sisi: kila siku inashuka, kila siku inapanda.

Kukicha, ndagala inaacha maji ya juu na kuzamia penye giza. Inakimbia mikebuka na samaki zingine kubwa zenye kuiwinda kwa macho. Jua likizama, wadudu wadogo sana wa maji wanapanda juu, nayo inawafuata ili ile. Mchana ni kujificha, usiku ni chakula. Hata saumoni, samaki kubwa ya Bahari ya Pasifiki, mara nyingi inazamia mchana na kukaa karibu na juu usiku.

Wavuvi wanajua siri hiyo toka zamani. Wazee waliwasha moto wa kuni kwenye mitumbwi. Kisha zikakuja taa za mafuta, na leo taa za betri. Taa inaita wadudu, wadudu wanaita ndagala, ndagala inaita mikebuka, halafu wavu unainuliwa toka chini. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, mwangaza uko kila pahali na taa haina nguvu. Basi mama wa soko akikuambia ndagala imekuwa haba juu ya mwezi, usimwite mwongo.

Sasa tusikilizeni vizuri, juu hapa ndipo inatuhusu. Ziwa Tanganyika lina mita 1.470 pale lina urefu zaidi kwenda chini. Je, ndagala inafika kule? Hapana. Pumzi ndani ya maji inaisha mapema: upande wa kaskazini ni karibu mita 100, upande wa kusini inaweza kufika karibu mita 200. Chini ya pale hakuna pumzi, na maji yamejaa gazi ya kunuka sawa yai bovu. Ndagala inashuka mpaka karibu na mpaka ule, inasimama. Hata adui akiwa juu, haishuke kwenye kifo.

Na nyumba yake inazidi kuwa ndogo. Mwaka 2003, wanasayansi walionyesha kwamba maji ya ziwa yamepata joto, na upepo hauwezi tena kuyakoroga vizuri kama zamani. Pumzi haishuke mbali, na chakula cha chini hakipande. Wavuvi nao wamekuwa wengi. Ndiyo maana inchi 4 zenye kugawana ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zinazungumza juu ya kupumzisha samaki. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi toka tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Miezi kama hiyo ndagala inapungua sokoni, lakini afazali miezi tatu ya haba kuliko watoto wetu kuisikia tu katika hadisi.

Ndagala haina sendika, lakini inajua kipimo chake. Sisi je? Tunao wenzetu walioshuka kwenye shimo lisilo na hewa, hawakupanda tena. Mwingine alishuka kumwokoa ndugu yake, wakabaki wote wawili. Motopompi ao jenereta ikiwashwa ndani ya shimo, moshi wake una gazi isiyo na harufu, inaua mtu sawa anasinzia. Mashine ibaki inje, mbali na mdomo wa shimo. Kichwa kikianza kuuma na miguu kulegea, panda mara moja. Mwenzako akianguka, ingiza hewa kwanza, usimfuate mbio.

PDG wa shimo akisema tuteremke kwanza, hewa itafuata, tumujibu wote kwa sauti moja: hewa kwanza. Mama na watoto wanatungojea jioni na sahani ya ndagala. Tupande tuikule.