Kielekezi na Vitufe Vyake

Kazi ya kuingiza hesabu katika lahajedwali, ingawa aghalabu hudharauliwa, yataka jicho litulie juu ya daftari ilhali vidole vyaendelea na kibodi. Na kila mara mkono unapoondoka kuitafuta mausi, jicho nalo huliacha daftari likaenda kwenye skrini, na hapo ndipo alama za mwanafunzi mmoja huandikwa mbele ya jina la mwenziwe. Kwa sababu hiyo nashikilia kwamba maarifa ya kwanza afundishwayo karani, kabla ya fomula, yawe ni kujua kwa yakini kielekezi kitakwenda wapi baada ya kila kitufe.

Jambo hili liliwashughulisha mafundi tangu mwanzo. VisiCalc, programu waliyoiunda Dan Bricklin na Bob Frankston, ilipotoka mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, kibodi ya kompyuta hiyo ilikuwa na mishale miwili tu, wa kushoto na wa kulia. Ikafanywa hila njema, kwamba kitufe kirefu cha nafasi kikibonyezwa, mishale ile ile igeuke kuwa ya juu na chini.

Katika Excel ya leo, Enter hukishusha kielekezi seli moja, na Tab hukipeleka kulia. Shift ikishikwa pamoja navyo, mwendo hugeuka. Hayo wengi wayajua. Lakini wachache wafahamu kwamba mwalimu akianzia kwenye safu ya majina, akaenda kwa Tab kupitia Hisabati, Kiswahili hadi Jiografia, kisha akabonyeza Enter, kielekezi hakishuki chini ya Jiografia, bali hurejea chini ya jina lile alilotangulia kuliandika, tayari kwa mwanafunzi wa pili. Sharti lake ni moja: asiguse mshale wala mausi katikati ya mstari, maana hapo programu hupoteza kumbukumbu ya mahali alipoanzia.

Na kama karatasi zimekuja somo baada ya somo, ni afadhali ateue kwanza eneo lote la alama. Enter itashuka hata mwisho wa safu, kisha itapanda yenyewe kwenye kichwa cha safu ifuatayo, bila kutoka nje ya eneo lile. Mwenye kutaka Enter iende kulia ana hiari ya kuiagiza hivyo katika mipangilio ya programu.

Mishale ikianza kuisogeza karatasi nzima ilhali kielekezi kimebaki pale pale, itazamwe Scroll Lock, kwani yamkini imebonyezwa bila kukusudia.

Kazi ikiisha, mwalimu na asimame kwenye alama ya kwanza ya safu, ashike Ctrl na kubonyeza mshale wa chini: kielekezi huruka hadi seli ya mwisho kabla ya pengo, na kikisimama kabla ya majina kwisha, basi seli iliyo chini yake ni ya mwanafunzi aliyerukwa.