Maswali ya Siku Isiyo na Moto

Usiku wa Februari 1, 2024, lori lililosheheni gesi lililipuka katika mtaa wa Mradi, Embakasi, jijini Nairobi. Moto ukarukia nyumba, magari na maghala ya jirani. Watu wakafa, na mamia wakajeruhiwa. Kulipokucha, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA, ilitoa taarifa iliyowaacha wengi vinywa wazi. Mwaka 2023 ilikuwa imepokea maombi matatu ya kibali cha kujenga kituo cha kuhifadhi na kujaza gesi mahali pale, na yote matatu iliyakataa kwa kuwa hayakutimiza masharti, likiwemo suala la wingi wa wakazi waliouzunguka uwanja huo. Baadaye ikafahamika kuwa mamlaka ya mazingira, NEMA, ilikuwa imetoa leseni yake kwa mradi uo huo, na maafisa wake kadhaa wakasimamishwa kazi. Hatari ya Embakasi, basi, ilikuwa imeandikwa kwenye faili miezi mingi kabla ya lori kuwaka.

Mkasa kama huu ukitokea, lawama huwaangukia kwanza wanaoonekana: zimamoto walichelewa, gari lilikuja bila maji, barabara ilizibwa na vibanda. Mara nyingi lawama hizo zina ukweli, ila zinaanza kuhesabu dakika tangu simu ilipopigwa. Kwa Embakasi hesabu ilifaa kuanza siku ombi la kwanza lilipokataliwa. Waliojua hatari walikuwepo. Aliyekosekana ni yule mwenye wajibu wa kurudi na kuuliza: mlikataa mradi huu, haya, pale uwanjani leo kuna nini? Hilo ndilo pengo kubwa katika namna miji yetu inavyojikinga na moto, na naamini linaweza kuzibwa kwa sheria tulizo nazo tayari.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga. Ibara ya 185 inalipa bunge la kaunti kazi ya kuisimamia serikali ya kaunti, na Ibara ya 195 inaziruhusu kamati zake kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au maelezo, zikiwa na nguvu sawa na za Mahakama Kuu katika kuita mashahidi na kudai nyaraka. Angalieni maneno hayo: mtu yeyote. Afisa wa shirika la serikali kuu kama EPRA naye yumo. Nairobi ina wadi 85, na katika kila wadi kuna mwakilishi anayepaswa kujua uchochoro upi umezibwa na duka lipi linajaza mitungi ya gesi nyuma ya pazia. Kinachokosekana ni mazoea ya kuitumia nguvu hiyo siku ambayo hakuna moshi. Soko la Gikomba ni mfano unaouma. Alfajiri ya Juni 28, 2018, moto uliwaua watu 15 hapo, na haukuwa wa kwanza wala wa mwisho. Viongozi huzuru, huahidi, huondoka. Wafanyabiashara nao hujenga upya palepale, wakiibana njia ileile, kwa sababu wana watoto wa kulisha na hakuna aliyewaletea mpango mwingine. Ahadi zilizotolewa mbele ya majivu hazina anayezifuatilia miezi sita baadaye.

Anayedhani haya ni maradhi ya miji maskini aitazame London. Julai 3, 2009, jengo la makazi la Lakanal House kusini mwa jiji hilo liliwaka, wakafariki watu 6, watatu kati yao watoto. Baadhi yao walikuwa wamepiga simu ya dharura wakaambiwa wabaki ndani wasubiri kuokolewa. Uchunguzi wa mahakama kuhusu vifo hivyo ulikamilika mwaka 2013, na aliyeuongoza aliandika mapendekezo kwa serikali na kwa kikosi cha zimamoto. Kisha ikaja Juni 14, 2017, na jengo la ghorofa 24 liitwalo Grenfell Tower. Moto ulianzia kwenye friji katika nyumba ya ghorofa ya nne, na simu ya kwanza ikapigwa saa 6:54 usiku. Ulipotoka dirishani ulishika vibao vya alumini na plastiki vilivyobandikwa kwenye kuta za nje, na kabla ya nusu saa kwisha ulikuwa umefika juu kabisa. Waliopiga simu wakaambiwa tena wabaki ndani. Agizo hilo lilibadilishwa saa 8:47 usiku. Tume ya uchunguzi baadaye iliona lilifaa kubadilishwa kati ya saa 7:30 na saa 7:50. Watu 72 walipoteza maisha. Ripoti ya kwanza ya tume, iliyotoka Oktoba 2019, ilionyesha kuwa kasoro za chumba cha kupokea simu zilifanana na zile za Lakanal. Miaka minane ilikuwa imepita, na somo lilikuwa limeandikwa, likatiwa sahihi na kuhifadhiwa.

Katika miaka hiyo yote London haikuwa bila chombo cha usimamizi. Kulikuwa na mamlaka maalumu ya zimamoto iliyoundwa na wajumbe wa Bunge la London na madiwani wa mitaa, na mamlaka hiyo ndiyo iliyokuwa mwenye kikosi. Hapo naona funzo kubwa kuliko yote. Anayekiendesha kikosi, akakipangia bajeti na kuidhinisha mipango yake, hawezi kukihoji kwa ukali unaotakiwa, maana kila swali zito linamrudia mwenyewe. Tangu Aprili 2018, kwa sheria iliyopitishwa hata kabla ya Grenfell, kazi hizo zimetenganishwa: kuna Kamishna wa Zimamoto anayewajibika kwa Meya, na kuna kamati ya Bunge la London inayomwita kamishna huyo na kumhoji hadharani. Baada ya ripoti ya tume, kikosi kilichapisha taarifa za mara kwa mara kuonyesha pendekezo lipi limetekelezwa na lipi bado. Usiku wa Grenfell ngazi yake ndefu zaidi ilikuwa ya mita 32; mwaka 2021 kilipata za mita 64. Wazima moto sasa hubeba vifuniko vya kichwa vya kumkinga mkazi na moshi wakati wa kumtoa. Mfumo huo haujawa kamili hata hivyo. Novemba 2022 uchunguzi huru ulifichua uonevu, ubaguzi wa rangi na unyanyasaji wa wanawake ndani ya kikosi, na wakaguzi wa serikali wakakiweka chini ya uangalizi maalumu hadi Machi 2024. Lakini yote hayo yalijulikana hadharani, yakaandikwa tarehe, na kila tarehe ikawa na mtu wa kuulizwa.

Swali zuri nalo lina ufundi wake. Mwaka 2013 jijini New York, msichana wa miaka 4 aligongwa na gari akielekea shuleni, na ambulansi ikachelewa kutumwa kwa takriban dakika nne. Mjadala uliofuata ulifichua kuwa muda wa kufika eneo la tukio, uliokuwa ukitangazwa rasmi, haukuhesabu dakika ambazo mpigaji simu hutumia akizungumza na mpokeaji wa kwanza. Takwimu zilipendeza kwa sababu saa ilianza kuhesabiwa kwa kuchelewa. Baraza la jiji likapitisha sheria mwaka huohuo kwamba muda uhesabiwe tangu simu inapopokelewa hadi msaada unapofika, na matokeo yachapishwe. Madiwani wale hawakumfundisha yeyote kuendesha ambulansi. Walidai tu hesabu inayolingana na kile anachokipitia mwenye shida.

Kwa miji yetu, hesabu ya kuanza nayo ni ya maji. Tuchukue gari la zimamoto lenye tangi la lita 5,000. Mpira mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, maji yataisha baada ya dakika 10; ikifunguliwa mipira miwili, dakika 5. Hapo ndipo watu husema gari lilikuja bila maji, ilhali huenda lilikuja limejaa. Baada ya dakika hizo kikosi kinategemea mambo mawili: bomba la barabarani la kujazia magari hayo, au boza linalokwenda na kurudi katikati ya foleni. Bomba likiwa limefukiwa na lami, limejengewa kibanda juu yake, au halina msukumo wa maji, ujasiri wa wazima moto hautafidia. Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi inamilikiwa na kaunti, kwa hiyo kamati ya bunge la kaunti ina haki kamili ya kuuliza: mabomba hayo ni mangapi, yako wapi, mangapi yalifunguliwa na kupimwa mwaka huu, na nani aliyapima? Jibu linalofaa ni orodha ya wadi kwa wadi yenye tarehe. Mwakilishi akiipata, anaweza kutembea nayo mtaani kwake asubuhi moja akajua kama ni ya kweli.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza husema zimamoto ni taaluma, na kuwaingiza wanasiasa ni kukaribisha vitisho, upendeleo wa ajira na hata hongo. Hofu hiyo ina msingi. Kamati inayokaa faraghani na kuwaita wenye maghala mmojammoja inaweza kugeuka kuwa genge la kudai fedha. Kinga yake ni uwazi. Vikao viwe hadharani, maswali yaandikwe, majibu yachapishwe, na kamati ibaki kwenye matokeo: muda wa kufika, magari mazima na mabovu, majengo yaliyokaguliwa, maagizo yaliyotekelezwa. Namna ya kuukabili moto ni kazi ya kamanda aliye pale kwenye moshi, na diwani hana la kusema hapo. Tena, kikosi chenyewe hufaidika. Mkuu wa zimamoto ambaye barua zake za kuomba vipuri hazijibiwi hupata jukwaa la kueleza mbele ya wananchi kwamba aliomba, lini, na nani alimnyima.

Wengine husema shida ni pesa, na kamati haizimi moto. Kweli, vituo ni vichache kwa mji unaokua kwa kasi, na magari ni ghali. Hata hivyo gari jipya lisilo na bajeti ya matairi, pampu na mafunzo huegeshwa kabla halijazeeka, na hilo hujulikana tu kwa mwenye kuuliza mwaka baada ya mwaka. Isitoshe, mengi ya maana hayahitaji mamilioni: kufukua bomba, kuchora njia isiyojengwa ndani ya soko, kupeleka nakala ya ombi lililokataliwa kwa ofisi ya wadi husika. Lile la mwisho lingegharimu karatasi moja tu kule Embakasi.

Hoja ya tatu hutolewa kwa kuitazama Tanzania. Huko vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri, na Sheria Na. 14 ya 2007 ikaviunganisha kuwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, lenye namba moja ya dharura, 114. Utaratibu huo una faida: mafunzo yanafanana na amri inatoka mahali pamoja. Lakini askari wa zimamoto wakienda kwa waziri, hatari hubaki kwenye kata. Vibali vya ujenzi, mpangilio wa masoko na njia za mitaani vinaendelea kupitia halmashauri. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 16, 2024, swali la nani alikagua ujenzi wake lilikuwa la jiji kabla ya kuwa la waokoaji. Diwani wa Dar es Salaam hawezi kumpa amri kamanda wa mkoa, lakini anaweza kumwalika kwenye baraza na kumsikiliza akieleza mitaa ambayo gari lake haliingii, kisha akamgeukia mkurugenzi wa halmashauri yake kudai mitaa hiyo ifunguliwe.

Kwa kaunti za Kenya, kalenda yenyewe inasaidia. Makadirio ya bajeti huwasilishwa bungeni kufikia Aprili 30, na mwaka wa fedha hufungwa Juni 30. Katikati ya tarehe hizo wananchi wana haki ya kutoa maoni, na Ibara ya 35 ya Katiba inawapa haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Mfanyabiashara wa Gikomba au mpangaji wa Embakasi anaweza kuandika barua Machi akiomba orodha ya mabomba ya wadi yake na tarehe yalipopimwa mara ya mwisho, na kuifikisha kwa mwakilishi wake kabla kamati haijaanza kupitia fungu la zimamoto.